Nilisikia Nimestaafu

Habari za kustaafu kwangu nilizipata Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kikombe cha kahawa tungu mkononi, kutoka kwa kijana ambaye hata jina lake silijui. "Pole kaka," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeingia matangani. "Nasikia umeacha baiskeli. Ati magoti."

Magoti yangu hayana neno. Nina miaka arobaini na mmoja, kazi yangu ni kufukuzana na makaratasi ya makontena bandarini, na Jumapili nikijaliwa napanda baiskeli na wenzangu saba wanane mpaka Kwale au Rabai. Sijawahi kushinda mbio yoyote ya maana. Nafasi yangu bora ni ya kumi na moja, na siku hiyo tulianza watu kumi na tisa. Mtu kama mimi hastaafu. Mtu kama mimi huacha kuonekana tu, na hakuna anayeuliza. Sasa habari hii ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye dari ya Ami.

Ami ni fundi wetu. Si ami yangu wa damu, lakini hakuna anayemwita vingine, hata wazee kuliko yeye. Kibanda chake ni cha mabati, chumba kimoja, na kwa kuwa chini hakuna nafasi, baiskeli zinazongoja spea huzitundika juu kwa waya wa kufungia. Yangu ilipanda huko wiki ya pili ya Novemba. Tulikuwa tukipanda kutoka Kombani kwenda Kwale, pale barabara inapoanza kukuuliza jana ulikula nini, frihwili, kile chombo cha nyuma kinachoshika gurudumu unapokanyaga, ikafa. Hakukuwa na mlio. Mguu ulizama tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Pedali inazunguka, cheni inazunguka, tairi tuli. Nikaisukuma mpaka kituo cha matatu, na makanga akanitoza nauli ya watu wawili.

Ami alipoifungua alitoa vijino vitatu vya chuma, vidogo kama punje za mchele, akaviweka kiganjani. Vilikuwa vimeliwa na kutu hadi vimeviringika. "Chumvi hii, mwanangu," akasema. "Wewe unaosha baiskeli kwa maji ya kisima cha Tudor halafu unashangaa?" Spea yake hapa mjini hakuna. Nairobi tuliambiwa tungoje. Basi ikapanda juu, kati ya baiskeli ya mtoto isiyo na kiti na fremu kuukuu ya kampuni ya GT, ikakaa huko wiki nane. Wenzangu wakipita wanainua macho, wanaiona inaning'inia, wanaondoka na hadithi. Watu wa mpira hutundika daluga, na mimi nikaonekana nimetundika baiskeli nzima.

Nilicheka njia nzima nikirudi ofisini. Halafu usiku, kama kawaida yangu ya msimu huu, nikafungua simu kusoma nani kahama timu na nani anaacha katika mbio za baiskeli za milimani huko duniani, nikaona kwamba na wao wanasomwa vivyo hivyo. Mtu anatazama kilichoning'inia, anatoa hukumu juu ya magoti.

Kwa asiyefuata mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Mikataba mingi ya wakimbiaji hawa huisha tarehe 31 Desemba. Msimu wa Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mbio ambazo pointi zake hujumlishwa, huwa umekwisha tangu Oktoba, na katikati ya hapo kuna miezi ya kimya ambapo mtu ameshakubaliana na timu mpya lakini bado analipwa na ile ya zamani, kwa hiyo haruhusiwi kusema. Yuko kama bibi harusi aliyekwisha kuposwa na mtaa mzima unajua, ila mahari haijatangazwa. Ikifika tarehe 1 Januari, picha zinamwagika: jezi mpya, kofia mpya, tabasamu lile lile. Mashabiki hatuna subira ya kungoja Januari. Tunasoma dalili. Huyu amefuta jina la timu kwenye ukurasa wake. Huyu anafanya mazoezi na baiskeli iliyobandikwa tepu nyeusi juu ya maandishi. Huyu hajapiga picha na baiskeli yoyote tangu mwezi jana, basi bila shaka anastaafu.

Mfano mzuri wa tepu nyeusi ni Tom Pidcock, Muingereza. Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, mbio zikifanyika Izu, alichukua dhahabu akiwa juu ya baiskeli nyeusi tii, haina jina wala nembo. Timu yake ya barabarani, Ineos, ilikuwa na mkataba na Pinarello, na wakati ule Pinarello hawakuwa na baiskeli ya milimani ya kumpa. Akapanda BMC iliyozimwa maandishi. Dunia nzima ilijua ni BMC. Ni heshima tu ya mezani, kama mgeni anayejifanya haoni kwamba wali umeungua. Na mtu huyo wiki chache kabla aligongwa na gari mazoezini akavunjika mfupa wa bega.

Nilimwonyesha Ami picha ile. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama fremu, akaitazama tena. "Haina jina?"

"Haina."

"Mombasa baiskeli isiyo na jina ni ya wizi," akanirudishia simu.

Mkimbiaji ninayetaka kumkalia kidogo ni Greg Minnaar, kwa sababu ni wetu wa Afrika, mtoto wa Pietermaritzburg, na kwa sababu maisha yake yote ya mashindano ni historia ya wadhamini waliokuja na kuondoka huku yeye akiwepo. Mchezo wake ni mbio za mteremko: mmoja mmoja mnaachiwa kutoka juu ya mlima, saa inahesabu, dakika tatu nne za mawe na mizizi, basi. Alikuwa bingwa wa dunia mara nne, 2003, 2012, 2013 na 2021. Hebu tazama pengo la kwanza na la mwisho. Mara ya nne alikuwa na miaka 39, huko Val di Sole, Italia, mahali ambapo hata kutembea kwa miguu panataka mtu aliyeshiba.

Katikati ya miaka ya 2000 aliendeshea Honda. Ndiyo, Honda hawa hawa wa pikipiki. Walitengeneza baiskeli iliyoitwa RN01, gia zake zimefichwa ndani ya sanduku katikati ya fremu, na hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuona kilichomo. Haikuuzwa dukani hata moja. Minnaar akaichukulia ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia 2005. Halafu mwaka 2007 ukaisha na Honda wakafunga virago, timu, sanduku, siri, vyote. Aliyetazama kutoka mbali angesema kijana amekwisha, na kumbe alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata yuko timu ya Santa Cruz, na akachukua ubingwa wa jumla tena.

Santa Cruz alikaa tangu 2008 mpaka mwisho wa 2023. Huo si mkataba tena, ni ndoa. Hapo ndipo 2009, kule Canberra, alipopitwa ubingwa wa dunia na mwenzake wa timu hiyo hiyo, Steve Peat, kwa sekunde 0.05. Peat alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nne kabla ya siku hiyo, kwa hiyo hata mimi ninayempenda Minnaar sikuweza kununa. Na ndipo 2013, mashindano ya dunia yalipopelekwa nyumbani kwao Pietermaritzburg, Minnaar akapata pancha karibu na mwisho, akamalizia na tairi la nyuma likipigapiga rimu, na bado akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Video ile nimeitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu, na mama watoto analijua hilo.

Sasa ikafika mwisho wa 2023, watu wakasikia kwamba anaachana na Santa Cruz. Ana miaka 42. Hapa uvumi haukuhitaji mafuta, uliwaka wenyewe: Minnaar anastaafu. Nilikuwa na uhakika. Nililumbana na mtu mmoja wa kikundi chetu barazani hadi chai ikapoa, mimi nikisema hakuna timu inayochukua mzee wa miaka 42 kuteremka milima. Januari ikaja, na mzee akatokea na jezi ya Norco, Wakanada. Niliombwa nilipe viazi karai vya watu sita, nikalipa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya neno lenyewe. Kiswahili chetu kina kustaafu, na kina kustaafishwa, na kina pia hiki kitu tunachofanya sisi wa pembeni, kumstaafisha mtu. Tendo moja na mitambo mitatu tofauti. Anayestaafu ni yule anayeamka asubuhi akasema basi. Anayestaafishwa ni yule ambaye karatasi ilikwisha na nyingine haikuletwa, na yeye akalazimika kulitafutia jambo hilo jina zuri: familia, magoti, changamoto mpya. Na anayestaafishwa na watu huenda hajaacha kitu chochote, anangoja spea tu. Ninapoyasoma matangazo haya ya Desemba, swali langu siku hizi ni moja: huyu yuko katika lipi kati ya matatu? Mara nyingi miguu haina kesi kabisa. Kesi iko kwa mhasibu.

Na mhasibu, wacha niseme kama mtu wa bandarini, alikuwa na sababu zake.

Mwaka 2020 na 2021, dunia ilipofungwa kwa korona, kila mtu Ulaya na Marekani alitaka baiskeli. Maduka yalikauka. Wakati huo huo bei ya kusafirisha kontena kutoka Asia ilipaa hadi wateja wetu wakawa wanapiga simu kutukana kana kwamba ni sisi tulioipandisha. Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba Suez siku sita, ikawa ndiyo ile ya kumpiga teke aliyeanguka. Kampuni za baiskeli, ambazo bidhaa zao nyingi hutoka Taiwan na majirani zake, zikaagiza mara mbili, mara tatu, ili zisikose. Mizigo ikachelewa, ikachelewa, halafu ikafika yote kwa pamoja, wakati watu wamesharudi maofisini na hawataki tena baiskeli. Nimeona jambo hilo hilo hapa na vigae vya sakafu, na friji, na mitumba ya viatu. Aliyeagiza kwa hofu huuza kwa hasara. Maghala yakajaa, bei zikaporomoka, na benki haina mapenzi na mchezo wowote.

Desemba 2024 GT walitangaza kusitisha kutoa baiskeli mpya na kupunguza wafanyakazi. Mwezi huo huo Rocky Mountain wa Kanada wakakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Julai 2025 YT wa Ujerumani nao wakaomba ulinzi wa kisheria kwa kushindwa kulipa madeni. Hawa si watu wadogo. Ni majina yaliyokuwa kwenye vifua vya wakimbiaji wakubwa. Kampuni ikiugua, mkono wa kwanza kukatwa ni ule unaolipa mashindano, maana mkimbiaji hauzwi, hawekwi ghalani, na akivunjika mfupa ni gharama. Kwa hiyo unapoona majira haya vijana wa miaka ishirini na tano wakiandika kwamba wameamua kujaribu maisha mengine, usikimbilie kusema kizazi hiki hakina moyo. Moyo upo. Mshahara ndio haupo.

Ile fremu ya GT iliyoning'inia kando ya baiskeli yangu, niirudie kidogo. Ilikuja kwenye kontena la mitumba kutoka Uingereza. Utaijua GT ya kale hata ikiwa imekwanguliwa rangi yote, kwa sababu bomba mbili nyembamba za nyuma hazikomei kwenye bomba la kiti kama baiskeli nyingine. Zinalipita, zinakwenda kushikana na bomba la juu, zikafanya pembetatu ya tatu ndogo. Ami anaipenda fremu hiyo. Kila nikimwuliza anauza, anataja bei ya kijinga ili nisinunue. Nilipomwambia kwamba wenyewe wamesimamisha kutoa mpya, alinyamaza kidogo, akachukua kitambaa cha mafuta akapanda kwenye stuli akaifuta. "Basi bei imepanda," akasema.

Kuna hadithi nyingine ambayo lazima niiweke hapa, maana ndiyo jibu langu kwa wanaosema yote ni baiskeli. Aaron Gwin, Mmarekani, alichukua ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la mteremko 2011 na 2012 akiwa na Trek. Mwanzoni mwa 2013 akahamia Specialized, na msimu ule mambo yakamwendea kombo. Unaweza kufikiria yaliyosemwa: fedha zimemponza, baiskeli haimtaki, kwisha habari yake. Mwaka 2015, huko Leogang, Austria, alitoka mlangoni akapiga pedali mara chache tu, cheni ikakatika. Pale pale juu. Njia nzima iko mbele na hana cha kukanyaga. Akashuka bila cheni, kwa kusukuma baiskeli na mwili, kwa kutogusa breki pale wengine walipogusa, na akashinda. Alimaliza mwaka ule bingwa wa jumla. Halafu akahama tena, akaenda YT, timu ambayo wakati ule haikuwa na jina kubwa, akashinda ubingwa wa jumla 2016 na 2017.

Video hiyo nayo Ami aliitazama. Hakusema kitu kuhusu Gwin. Alisema, "Fundi wake alilala wapi siku hiyo?"

Nilizitazama mbio hizi bure miaka mingi, kwenye Red Bull TV, simu ikiegemezwa kwenye jagi la maji, bando likilia. Kuanzia 2023 haki za matangazo zilikwenda kwa Warner Bros. Discovery na tukahamishiwa kwenye milango ya kulipia, tena milango yenyewe ikawa inabadilishwa kabla hujajua kitasa kiko wapi. Silaumu sana, kila mtu anatafuta riziki. Ila mdhamini analipa ili jina lake lionekane, na sisi tuliokuwa tukiliona bure tuko wengi kuliko wanavyodhani, mpaka huku kwenye mahamri na mbaazi. Nikiendelea na hili nitachelewa kulala.

Na sisi tuliwahi kuwa na mdhamini, usidhani. Kampuni moja ya hapa mjini, jina lake nalihifadhi, ilitupa jezi kumi na mbili, rangi ya machungwa, maandishi makubwa mgongoni. Tulipiga picha na meneja kwenye ngazi za ofisi yao. Waliahidi kutulipia kiingilio na usafiri wa mbio za bara mwaka ule. Jezi tuliletewa. Usafiri tuliambiwa "tutawapigia". Wiki ya mbio ikafika, simu ya meneja inaita haishikwi, tukachanga wenyewe, tukapanda basi la usiku na baiskeli zimefungwa magunia, tukakimbia bara lote na jina la mtu asiyetulipia hata soda. Mwaka uliofuata tukawaona wamedhamini timu ya mpira ya Ramadhani. Hawakutuambia tumeachwa. Tuliona kwenye bango.

Tukabandika tepu nyeusi juu ya maandishi. Hatukuwa tukificha jina kwa heshima ya mdhamini kama Pidcock. Ilikuwa hasira tu, na jasho lilipoitoa gundi tepu ikawa inaning'inia mgongoni kama ulimi. Jezi yangu niliikuta mwezi uliopita inapiga deki jikoni. Maandishi bado yanasomeka, kwa kweli. Nguo ilikuwa ya hali ya juu.

Kwa hiyo ninaposema mkimbiaji wa Kenya hana uvumi wa udhamini wa kumsumbua, sisemi kwa kujivuna. Uvumi unataka kitu cha kuvumia. David Kinjah, yule mwalimu wa baiskeli wa mji wa Kikuyu aliyemfundisha Chris Froome, bingwa wa Tour de France, akiwa kijana, aliwahi kuingia timu ya kulipwa Italia mwaka 2002, na mpaka leo tunaitaja habari hiyo kama tunavyotaja mvua kubwa ya mwaka fulani. Siku hizi kuna Timu ya Amani na mbio za changarawe za kule Maasai Mara, na vijana wanaonekana. Lakini wengi wetu udhamini wetu ni mke asiyeuliza frihwili ni shilingi ngapi.

Waliostaafu kweli, nao wapo. Wa karibuni ni Nino Schurter wa Uswisi, na huyu nampa kofia yangu. Kroskantri si mteremko. Ni saa moja na zaidi ya kupanda na kushuka hadi mapafu yatoke. Alikuwa bingwa wa dunia mara kumi kati ya 2009 na 2022. Olimpiki alianza na shaba Beijing 2008, akaja fedha London 2012 baada ya Jaroslav Kulhavý kumpita dakika za mwisho kabisa, akamaliza na dhahabu Rio 2016. Alivipanda vyeo vile kama ngazi, chini kwenda juu. Rekodi ya ushindi wa Kombe la Dunia ilikuwa ya Mfaransa Julien Absalon, mara 33. Schurter akaifikisha 36. Tokyo alipokuwa wa nne, wako waliomstaafisha. Sisi pale barazani tulimstaafisha mara mbili. Na yeye miaka yote, tangu ujana, baiskeli ya Scott, watu wale wale. Septemba 2025, Lenzerheide, kwao Uswisi, mbele ya watu wake, akakimbia Kombe la Dunia kwa mara ya mwisho, ana miaka 39. Huyo karatasi haikumwacha. Yeye ndiye aliyeiacha. Ukiwahesabu wa namna hiyo hutajaza daladala.

Na hata neno la mwenyewe usilitie kufuli. Rachel Atherton wa Uingereza alishinda raundi zote za Kombe la Dunia la mteremko 2016, akavunjika, akapata mtoto 2021, akakaa nje ya mashindano hadi wengi tukamfungia kitabu. Juni 2023 akajitokeza Lenzerheide, mlima ule ule, akashinda. Juu ya baiskeli gani? Atherton. Yeye na kaka zake walikuwa wamepita kwa wadhamini mmoja baada ya mwingine, Commencal, GT, Trek, mpaka 2019 wakaamua kutengeneza baiskeli yao wenyewe. Hapo hakuna mhasibu wa kukustaafisha, ingawa nadhani usiku huwa unajistaafisha mwenyewe kwenye hesabu.

Spea yangu ilifika Januari tarehe 6, imefungwa karatasi ya gazeti, kwa basi la usiku. Shilingi 6,500 na usafiri juu. Ami alipanda kwenye stuli, akafungua waya, akanishushia baiskeli mikononi. Waya ulikuwa umeacha mchoro wa kutu kwenye bomba la juu, mstari mwembamba kama wino. Nililamba kidole nikausugua. Hautoki.

Alikaa nayo saa nzima. Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akapaka grisi kidogo sana kwa ncha ya spoki, "ikizidi vijino vinanata," akafunga, akainua gurudumu la nyuma na kulizungusha. Frihwili ikaanza kulia, tiki tiki tiki, ile sauti ya mtu anayehesabu fedha mpya. Akasikiliza hadi ikasimama. Kisha akanyoosha kiganja, maana Ami hatoi baiskeli kabla ya malipo hata uwe umestaafu kwa heshima zote.

Nikapanda, nikazunguka Mwembe Tayari mara mbili bila sababu, nikasimama kwenye kahawa. Kijana yule alikuwa pale. Akaitazama baiskeli inavyong'aa, akaitazama cheni mpya ambayo Ami alinishawishi niitie vilevile, akanitazama mimi.

"Umerudi kazini, kaka?"

"Nilitoka lini?"

Akatabasamu kama mtu anayejua siri. "Nimesikia," akasema, akiwaangalia na wale wengine kwenye benchi, "umepata mdhamini."

Benchi zima wakageuka. Muuza kahawa akachukua dele, akaanza kupanga vikombe. Vilikuwa saba.